Redio jamii: mcheza kwao atunzwe

Redio jamii ni kituo cha utangazaji kinachomilikiwa na watu wa eneo linalofikiwa na mawimbi yake, kisichoendeshwa kwa faida, na ambacho vipindi vyake huandaliwa na wasikilizaji wenyewe. Sifa hizo tatu zimo katika katiba ya karibu kila kituo cha namna hiyo. Lakini katiba hukaa kabatini. Kinachosikika ni ratiba ya vipindi, na ratiba ya siku saba ndiyo hati inayoonyesha redio ni ya nani hasa: saa ipi imeshikwa na mkulima, ipi na muuguzi, ipi na mradi wa mfadhili, ipi na mwanasiasa mwenye fedha, na ipi imejazwa muziki mtupu kwa sababu aliyepangwa zamu hakupata nauli ya kufika studio. Sehemu kubwa ya saa hizo hubebwa na watu wanaojitolea. Kwa hiyo uhai wa redio jamii katika Afrika Mashariki huamuliwa na jinsi watu hao wanavyotendewa, kabla mitambo na masafa hayajaingia katika hesabu.

Historia ya utangazaji wa aina hii katika ukanda huu ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini kusikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, wakajadili walichosikia, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka na kufukia madimbwi. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini kazi ilifanywa na viongozi wa vikundi waliokuwa majirani wa wasikilizaji. Hatua ya pili ilikuwa kuisogeza sauti yenyewe karibu. Mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, kituo kidogo kilianza kurusha matangazo huko Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kikawa miongoni mwa vya kwanza vya aina yake barani. Serikali ilikifunga mwaka 1984.

Wimbi la sasa lilikuja baada ya serikali kulegeza ukiritimba wa utangazaji. Tanzania ilipitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji mwaka 1993. Mwaka huohuo, mashariki mwa Kongo, mashirika ya kiraia ya Bukavu yalianzisha Radio Maendeleo, inayotangaza kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha za wenyeji. Miaka ya 2000 ilipoanza, wafugaji wa Kimaasai walipata ORS FM huko Terrat, wilayani Simanjiro. Mwaka 2004 vikundi vya akina mama huko Makueni, Kenya, viliwasha mitambo ya Redio Mang'elete. Mwaka 2006 vijana wa mtaa wa Korogocho, Nairobi, walianza kutangaza kupitia Koch FM, studio yao ikiwa ndani ya kontena. Pangani, Sengerema, Karagwe na Micheweni huko Pemba nazo zina redio zao.

Sheria zimevitambua vituo hivi kwa kuchelewa, na kwa masharti. Kenya iliporekebisha sheria yake ya mawasiliano mwaka 2009 iligawa utangazaji katika mafungu matatu, yaani wa umma, wa kibiashara na wa kijamii, na ikavizuia vyama vya siasa kupewa leseni. Tanzania, kupitia Mamlaka ya Mawasiliano, hutoa leseni kwa ngazi, kuanzia ya kitaifa hadi ya kijamii. Tofauti kubwa kati ya nchi hizi mbili iko kwenye lugha. Mang'elete huzungumza Kikamba na wasikilizaji wake, ilhali kanuni za Tanzania huelekeza matumizi ya Kiswahili na Kiingereza, ili lugha za makabila zisiwe mipaka hewani. Sharti hilo lina sababu zake za kihistoria, ila lina gharama pia: bibi mwenye maarifa mengi ya mbegu za asili, asiye na Kiswahili cha kutosha, huishia kuwa msikilizaji tu wa kipindi ambacho angepaswa kukiongoza.

Masafa nayo ni finyu. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, yakikingwa na mlima hayafiki upande wa pili. Mnara mfupi wenye mtambo wa nguvu ndogo huhudumia tarafa chache tu. Mijini hali ni ngumu zaidi. Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera hutumia masafa yaleyale ya 99.9, kila moja ikiwa na nguvu ndogo ili isiingilie nyingine. Ufinyu huo ndio unaokipa kituo tabia yake. Mtangazaji wa redio ya taifa hawajui wasikilizaji wake; wa redio jamii atakutana nao sokoni baada ya kipindi, na kama alisema uongo ataambiwa hapohapo.

Wiki ya kituo huanza Jumatatu asubuhi kwa kikao cha uhariri. Ratiba huwa imebandikwa ukutani, ina safu saba za siku na mistari ya saa, na katika kila kisanduku limeandikwa jina la kipindi na la mwenye zamu. Aliyesafiri jina lake hukatwa kwa kalamu na jingine huandikwa juu yake. Kufikia Ijumaa karatasi iliyochapwa vizuri Jumatatu huwa imejaa mikwaruzo, na hapo yeyote anayetaka kujua afya ya kituo hahitaji kusoma ripoti ya mwaka. Kikao hugawa habari za wiki: nani atakwenda kwenye mkutano wa kijiji, nani atamfuata mganga mkuu wa zahanati, nani ana simu yenye kinasa sauti kizuri, na pikipiki itawekwa mafuta na nani.

Kila siku hufunguliwa na aliyebeba ufunguo. Saa kumi na mbili asubuhi, au mapema zaidi penye umeme wa uhakika, huwashwa vifaa kimoja baada ya kingine, kwa kuwa umeme unaporudi kwa kishindo ndipo vinapoungua. Kipindi cha asubuhi huchanganya dua, hali ya hewa, vichwa vya habari vya magazeti na matangazo ya ofisi za serikali. Magazeti yenyewe hufika mchana au kesho yake katika wilaya za mbali, hivyo kurasa za mbele husomwa kutoka kwenye simu. Katika maeneo ya uvuvi hutajwa upepo na bei ya samaki mwaloni. Katika maeneo ya wafugaji hutajwa mnada utafanyika wapi na ng'ombe wa uzito gani aliuzwa kwa kiasi gani wiki iliyopita. Habari hiyo ya bei, ambayo haichukui dakika tatu, huwapa wauzaji nguvu mbele ya walanguzi, na ndiyo sababu baadhi ya walanguzi hawaipendi.

Katikati ya juma ratiba hukaliwa na vipindi vya maarifa. Kilimo huchukua nafasi kubwa, mara nyingi kwa kutumia miswada inayotolewa na mashirika kama Farm Radio International la Kanada, ambalo chimbuko lake ni mwaka 1979. Mswada huo hauwezi kusomwa ulivyo. Mfano wa mahindi ya nyanda za juu haumsaidii mkulima wa mihogo wa pwani. Lazima mtu wa kijijini aufumue, aweke jina la mbegu linalojulikana hapo, msimu wa vuli au masika wa hapo, na duka la pembejeo lililopo hapo. Vipindi vya afya huongozwa na muuguzi au mkunga baada ya zamu yake ya kazi. Vya sheria huletwa na msaidizi wa kisheria anayeeleza mirathi, mipaka ya mashamba na matunzo ya watoto. Hao wote hutoa ujuzi ambao mjini ungelipiwa kwa saa.

Mchana na jioni ni wakati wa salamu, kipindi ambacho wasomi hukidharau na wasikilizaji hawakikosi. Desturi hii ilikuwapo tangu enzi za redio za serikali, na redio jamii zimeirithi. Kadi ya salamu ni kipande cha karatasi ngumu kilichochapwa, kinauzwa kwa bei ndogo dukani au kwenye mlango wa kituo. Juu kuna nafasi ya jina la mtumaji na mahali alipo, chini yake mistari ya wanaosalimiwa, na mwisho nafasi ya ujumbe na wimbo. Watumaji wakongwe wana majina ya utani yanayojulikana wilaya nzima, na mtangazaji mzoefu huutambua mwandiko wao kabla hajasoma jina. Wengi wamejiunga katika vyama vya wasalimiaji vinavyotembeleana na kuchangiana misibani. Ujumbe wa simu umepunguza mauzo ya kadi lakini haukuiua desturi. Kwa kituo, kadi hizi ni mapato ambayo hayana masharti ya mfadhili yeyote. Kwa jamii, ni orodha ya kila siku ya nani yupo, nani amehama na nani anaumwa.

Kipindi hichohicho hubeba matangazo ya misiba, mbuzi waliopotea, vitambulisho vilivyookotwa na watoto wasioonekana. Tangazo la msiba lina utaratibu wake: huandikwa, huletwa na ndugu anayejulikana, na mwenye zamu hupiga simu kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kulisoma. Utaratibu huo umetokana na uzoefu, kwa kuwa msiba wa uongo uliotangazwa huwafanya watu wauze kuku na kupanda magari. Hakuna chuo cha uandishi wa habari kinachoufundisha kwa undani kama mtu wa kujitolea aliyewahi kuwaomba radhi waombolezaji.

Jioni moja au mbili za wiki hutengwa kwa mjadala wa uwajibikaji, ambapo diwani, mtendaji wa kata au mhandisi wa maji huitwa studio na wananchi hupiga simu. Hapa kazi ya mwenye zamu ni ngumu kuliko zote. Mkono mmoja uko kwenye kidude cha kushusha sauti cha miksa, jicho liko kwenye simu, sikio liko kwa mgeni. Uzembe hapo una gharama: Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ilieleza jinsi baadhi ya vituo vya lugha za makabila vilivyoachia maneno ya uchochezi kupita hewani. Wakati huohuo Pamoja FM, katikati ya Kibera iliyokuwa inawaka, iliwahimiza wakazi wadumishe amani. Usalama wa mji mzima unaweza kumtegemea kijana mmoja asiyelipwa anayejua ni lini amkate mpiga simu.

Mwisho wa juma ratiba hubadilika. Ijumaa hutolewa mawaidha, Jumapili huwa ibada, na wasimamizi wenye busara hugawa muda kwa madhehebu kwa mizani ili kituo kisionekane ni cha upande mmoja. Jumamosi asubuhi ni ya watoto, ambao huimba, husoma mashairi na kumhoji mwalimu mkuu maswali ambayo wazazi hawathubutu. Mchana hurushwa mechi za ndondo, mtangazaji akiwa amesimama juu ya kiti kando ya uwanja na simu mkononi. Jioni ya Jumapili huachiwa muziki wa zilipendwa, taarabu au ngoma za wenyeji, na mara nyingi mwenye kipindi ni mzee mwenye mkusanyiko wa kanda za kaseti usiopatikana kwenye hifadhi yoyote ya taifa.

Wanaojaza ratiba hii wako katika makundi matatu. Kundi kubwa ni vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita, ambao hawajapata kazi na wanaiona studio kama mlango. La pili ni wenye ujuzi, yaani walimu, wauguzi, mabwana shamba na mafundi, wanaotoa saa moja au mbili kwa wiki. La tatu ni watu wa heshima za mahali, kama wazee, masheikh, wachungaji na viongozi wa vikundi vya akina mama, ambao uzito wa neno lao hautokani na sauti nzuri. Kituo chenye kundi la kwanza peke yake hugeuka kuwa redio ya muziki. Chenye la pili peke yake husikika kama darasa. Kisipokuwa na la tatu, wakubwa wa wilaya hawakiogopi.

Malipo ya watu hawa hutajwa kwa majina mengi: posho, nauli, vocha, chai. Mara nyingi hayapo kabisa. Matokeo yake yanajulikana kwa kila meneja. Kijana hufundishwa kunasa sauti, kuhariri kwa kompyuta, kuhoji na kutulia hewani. Akishaiva huchukuliwa na kituo cha kibiashara cha mkoani, au huacha na kuendesha bodaboda inayomlipa kila jioni. Wanawake huondoka mapema zaidi, kwa kuwa zamu ya saa tatu usiku bila usafiri wa kurudi nyumbani ni hatari, na kwa kuwa familia huuliza mshahara uko wapi. Ndipo sauti za jioni hubaki za wanaume, na mambo ya wanawake hujadiliwa mchana wakati wenyewe wako shambani.

Sheria imeongeza uzito. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016 inataka wanahabari wawe na ithibati, na kanuni zake zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Nia ya kulinda weledi haina ubaya. Hata hivyo, kipimo hicho kikitumika bila kutofautisha kazi, kitamtoa studio mvuvi anayezungumzia uvuvi haramu na mkunga anayezungumzia uzazi, na kuwabakiza wasomaji wa taarifa wasiojua bahari wala wodi. Njia iliyo wazi ni kutenganisha dawati la habari, ambalo wahariri wake wawe na sifa za kisheria, na vipindi vya jamii, ambavyo wenyeji wavitangaze chini ya mhariri huyo. Vituo vinapaswa kuandika mgawanyo huo katika sera zao za uhariri badala ya kusubiri kuulizwa.

Fedha ndiyo inayopima ukweli wa umiliki. Kituo hulipia leseni, umeme, mafuta ya jenereta, mirabaha ya muziki na fundi wa mitambo radi inapopiga mnara. Biashara za wilayani ni ndogo na hazitangazi sana, hivyo mashirika ya maendeleo hununua saa: saa ya lishe, saa ya chanjo, saa ya ukatili wa kijinsia. Mambo hayo ni muhimu, na vipindi vingine bora vimetokana nayo. Tatizo ni kwamba saa iliyonunuliwa humlipa mtangazaji wake, na ya jirani yake isiyonunuliwa haimlipi. Wanaojitolea hukimbilia vipindi vya miradi. Mradi ukiisha, kipindi hufa kikiwa na wasikilizaji wake. Msimu wa uchaguzi mwanasiasa hufanya vilevile kwa bahasha. Ratiba hubadilika taratibu bila mkutano wowote wa wanachama kuibadilisha, na jamii hushtukia redio yake inazungumzia mambo ya watu wengine.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kujitolea kwa hiari hakuna maana ya kufanya kazi bure milele, na kituo kinachodai hivyo kinaishi kwa kodi isiyoandikwa inayolipwa na vijana maskini kuliko wote. Tiba haihitaji mshahara wa mjini. Nauli na usafiri wa usiku viwe mstari wa kwanza wa bajeti, kabla ya simu ya meneja. Kila anayeingia apewe hati fupi ya makubaliano yenye muda wa mafunzo, saa za zamu na cheti mwishoni, ili anayeondoka aondoke na kitu mkononi na anayebaki ajue haki yake. Sehemu maalumu ya kila fedha ya mradi iende kwenye mfuko wa pamoja unaowafidia wenye vipindi visivyo na mfadhili. Wajumbe wawili wa bodi watoke miongoni mwa wanaojitolea, wachaguliwe na wenzao.

Wasikilizaji nao wana sehemu yao. Vikundi vya kusikiliza vinaweza kuchangia kwa mazao, kwa kadi na kwa kazi za mikono, kama walivyochangia akina mama wa Makueni kwa miaka. Halmashauri zinazopeleka matangazo ya chanjo, ushuru na mikutano zilipe kiwango kilichoandikwa, sawa na zinavyolipa mabango, na malipo hayo yasiwe hongo ya kunyamazia ubadhirifu. Mitandao ya redio jamii kama TADIO ya Tanzania na KCOMNET ya Kenya iweke kiwango cha chini cha posho ambacho wafadhili watatakiwa kukifuata katika kila mkataba. Kila mwaka, katika mkutano mkuu, mapato na matumizi yasomwe hewani pamoja na ratiba mpya, ili wanachama waone saa ngapi ziko mikononi mwao, ngapi zimeuzwa, na kwa nani.